Mkwe wa Mto Kasanzu

Kila Alhamisi asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, fundi Yahaya wa Mtendeni, mjini Tabora, aliweka kopo la nta juu ya jiko la mkaa na kungoja iyeyuke. Nta ilitoka ng'ambo ya Mto Kasanzu, upande wa Ipole, ilinukia moshi na asali, na ndani yake hakukukosekana bawa la nyuki mmoja au wawili. Ikishalainika aliipaka kwa kidole kuzunguka magneto, kitoa cheche cha pikipiki ya serikali, akaifunga kwa kitambaa, akapaka tena. Kisha alikagua bomba la moshi, ambalo alilirefusha kwa mikono yake na kulipandisha mpaka usawa wa bega la mwendeshaji, ili maji yasipate pa kuingilia. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa kahawa vikombe vitatu, na Kondo, mwenye kuiendesha, alivinywa vyote yeye.

Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, dresa wa serikali, yaani mchoma sindano na mfunga vidonda, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko nyama. Aliletwa Tabora mwaka 1933 apeleke sindano za malale ng'ambo ya Mto Kasanzu. Huko kulikuwa na makazi mapya ya watu elfu na ushei, waliohamishwa na serikali kutoka kwenye misitu ya mbung'o. Walipohamishwa waliambiwa wasiuogope mto, daraja litajengwa kabla ya mvua. Mvua hiyo ilikwisha kunyesha, na ya pili yake, na ya tatu.

Sindano za malale hazitaki kurukwa. Mgonjwa huchomwa kila wiki mpaka zitimie, na akirukwa wiki kadhaa ugonjwa humpanda kichwani, akaanza kusinzia mchana kweupe, na siku moja haamki. Bwana Mganga, daktari wa serikali, alimweleza Kondo jambo hili mara mbili. Kondo aliwaeleza wengine mara nyingi zaidi, maana kunyamaza hakujua.

Kiangazi Kasanzu ni mchanga mtupu. Masika hujaa pomoni, na barabara inapita katikati yake, kwa kuwa ndiyo njia ya zamani ya misafara, na wapagazi walivuka hapo miaka mingi hata wakaikanyaga sakafu ya mto ikawa ngumu. Kabla ya Kondo walikuwapo madresa wawili, Wanyamwezi wenye adabu zao. Wa kwanza maji yalimfika kwenye tandiko, injini ikapaliwa, akarudi akiisukuma. Wa pili pikipiki ilibebwa hatua mia mbili, naye akakutwa juu ya tawi, kisanduku cha dawa kichwani. Aliomba kazi ya ofisini, akapewa.

Kondo alipofika mara ya kwanza maji yalikuwa ya kifua. Aliegesha pikipiki, akawasha sigara, akaanza kuutukana mto. Hakuwa na hasira. Tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na pembe mabegani, makabila hayo mawili ni watani. Hutukanana, hunyang'anyana tonge mdomoni, na hakuna mwenye ruhusa ya kuchukia. Kasanzu nao ulikuwa Mnyamwezi, umezaliwa hapo na kukulia hapo.

"Wewe Kasanzu," alisema, "Mnyamwezi gani asiyejua kubeba? Wenzako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe umelala katikati ya njia umejitandaza. Sogea, wenye kazi wapite."

Mto ulicheka. Maji yalitikisika kutoka ukingo hadi ukingo, povu likaruka, kisha yakashuka mpaka usawa wa ekseli. Kondo aliingia kwa gia ya kwanza, bila kupunguza mafuta, macho ameyakaza ng'ambo kama Yahaya alivyomfundisha, kwamba anayetazama maji huyafuata. Alipofika katikati mto ulimpokonya kofia. Ilikuwa haki ya mtani. Alhamisi iliyofuata aliikuta kofia juu ya kisiki, ndani yake mna kambare mzima. Kondo alimla kambare huyo.

Katika masika mawili alivuka mara arobaini na moja. Mto ulimchukulia ndara ya kushoto, pampu, nusu ya chapati, na barua ya mama yake, ambayo ilirudi wiki ya pili imekauka na kukunjwa vizuri kuliko mwanzo. Magurudumu yaliteleza, mnyororo ulikatika mara moja, lakini injini haikunywa maji hata tone. Ofisini karani Wenceslaus aliandika kila wiki kwamba kivuko kimepitika.

Ng'ambo, wa kwanza kwenye orodha ya wagonjwa alikuwa Katarina, mjane wa Kinyamwezi, Mmoraviani, mpishi hodari, mwenye ulimi. Alikuwa amehamishwa kutoka mbali na hakuwa na ndugu hapo, kwa hiyo alimfanya Kondo kuwa mtani wake wa kila wiki. Alimwambia mkono wake mwepesi kwa sababu hauna nyama. Kondo alimwambia damu yake haitoki kwa sababu ya uchoyo. Wakimaliza kutukanana Katarina alimpa ugali.

Jirani yake wa nyumba ya pili alikuwa Bundala, mfuga nyuki, aliyetundika mizinga msitu mzima. Ukoo wake peke yake ndio haukuhamishwa kutoka popote. Ulikuwa ukingoni hapo tangu zamani, na Bundala aliuita mto mama, kama baba yake alivyouita, na kama kila mtoto wa ukoo alivyouita. Naye alifuata adabu ya mtoto. Mto ukijaa hakuvuka, alingoja ushuke, kama mtu anavyongoja mama yake amalize kusema.

Bundala alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanajuma, na huyo ndiye aliyemletea Kondo nta ya fundi. Alikuwa msichana mtulivu. Pikipiki ikiwa bado nyuma ya kichuguu aliweza kusema plagi imechafuka au mnyororo umelegea, na hakukosea. Kondo alimpenda, na alimpenda kwa taabu, kwa sababu mwanamume aliyeuchekesha mto siku ya kwanza alihangaika miezi minne mpaka akapata kicheko kimoja cha Mwanajuma. Siku hiyo alirudi Tabora akiimba, akasahau kufunga kisanduku.

"Mla nazi wewe," Katarina alimwambia, mkono akiwa amenyoosha kwa sindano, "unaoa lini? Au unangoja mto ukuchumbie?"

Alioa Agosti. Waliombwa ruhusa wote wanaostahili, baba, wajomba, mashangazi, na Yahaya alisimama upande wa bwana harusi akiwa na kanzu isiyo na doa la mafuta. Pikipiki ilifungwa kanga mbili. Wageni walivuka Kasanzu na viatu vyao, wakapumzika katikati kwenye mchanga, wakala mihogo ya kuchoma. Mto haukuombwa ruhusa. Hakuna aliyeukumbuka, kwa kuwa haukuwapo.

Mwanajuma alihamia Mtendeni, akaweka nyumba, akamfundisha Yahaya kuchuja nta. Mvua za kwanza zilishuka Desemba. Alhamisi Kondo alifika mtoni, maji ya kifua kama kawaida, akawasha sigara na kuanza. Aliuambia mto kwamba umenenepa bila kazi, na kwamba kiangazi kizima ulijificha ukiogopa mizigo.

Mto haukucheka. Ulinyamaza kabisa, hata vyura wakanyamaza. Kisha ulijifunika povu ukingo hadi ukingo, ukageuza uso, na maji yakapanda taratibu mpaka kina cha wanaume wawili.

Bundala alikuwa amesimama ng'ambo, mikono kichwani.

"Mwanangu," aliita, "umemtukana mama mkwe wako."

Kondo alivua kofia. Aliisukuma pikipiki nje ya njia, akasimama majanini ameinamisha kichwa, kama afanyavyo mtu aliyekutana na mama mkwe wake njiani. Alijiona mjinga, na aliona aibu iliyomfika miguuni. Mto nao ulitimiza upande wake, ulimstahi mkwe kwa kina chake chote.

Mbuzi mweupe na jembe jipya vilipelekwa kuomba radhi. Wiki ya pili mto ulivipokea na kutuliza povu, lakini haukushuka. Kusamehewa na mama mkwe si kutaniwa naye. Kondo alitia kisanduku cha dawa katika mtumbwi wa gome na kuusukuma uelekee kwa Bundala ng'ambo, mto ukaupindua kwa upole, ukakirudisha kisanduku kwenye ukingo ule ule, kikavu. Walijaribu tena, ukakirudisha tena. Jambo la mkwe halipitishwi kwa mlango wa nyuma.

Kondo alikwenda kumweleza Wenceslaus. Karani huyo mama mkwe wake alikaa Usoke, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliandika barua nzuri kwamba kivuko cha Kasanzu hakipitiki tena kwa sababu ya ndoa ya dresa, na kwamba daraja lililoahidiwa lijengwe sasa, watu wanakatikiwa dawa. Bwana wa barabara aliisoma na wala hakushangaa. Alijibu kwamba kwa mujibu wa jalada kivuko hicho kimepitika mara arobaini na moja, maji yakiwa ni yale yale. Kasoro basi si ya mto, ni ya mtumishi. Daraja halihitajiki. Dresa mwingine ataombwa kutoka pwani, Mzaramo, asiye na mke, naye atafika mvua zikiisha. Chini kabisa aliongeza kwamba kama ndoa inazuia kazi, mtumishi anajua la kufanya.

Kondo alimsomea Mwanajuma barua hiyo wakiwa wamekaa mlangoni. Mwanajuma alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Aliinuka akaepua maji ya chai jikoni, akarudi kuketi.

"Niache," alisema. "Siwezi kulala kitanda kimoja na sindano za watu."

Waliondoka pamoja Alhamisi, yeye amekaa nyuma, wakaenda kumuuliza Bundala kwa sauti kutoka ukingoni. Bundala alifikiri, kisha akajibu kwamba haitasaidia. Mke huachwa, lakini mama mkwe hageuki tena kuwa mtani. Kondo alimshukuru Mungu kwa jibu hilo, kisha akajichukia kwa kushukuru. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye aliyavulia yakiwa mchanga.

Hakuacha kwenda. Kila Alhamisi Yahaya alipaka nta, Kondo alikunywa kahawa, sasa vikombe viwili, akaendesha mpaka mtoni na kukaa majanini na kisanduku chake. Katarina naye alikuja ng'ambo na kigoda. Walitukanana juu ya maji, wakipaza sauti, na watu wa makazi walikuja kusikiliza na mizigo yao kichwani, kwani hata hao hawakuwa na pa kupita.

Januari Katarina alikuwa na ulimi wake wote. Februari alianza kusinzia katikati ya tusi. Alisema, "Mzaramo wewe, pikipiki yako hiyo..." kisha kichwa kikashuka kifuani. Kondo alingoja. Hakutaka kumjibu kabla hajamaliza, si desturi. Wakati mwingine alizinduka baada ya nusu saa na kuendelea pale pale alipoachia, na lilikuwa tusi zuri. Wakati mwingine jua liliinama hajazinduka, na Kondo akarudi Tabora na tusi nusu.

Machi, Alhamisi ya pili, kigoda hakikuja. Katarina alikuwa amekutwa jikoni, mwiko mkononi, ugali umeshika moto upande mmoja.

Msiba wa Mnyamwezi bila mtani wake hauendi. Mtani ndiye huzuia maiti isitolewe, ndiye humwiga marehemu mpaka waombolezaji wacheke, na bila hivyo kilio hukaa vibaya. Katarina alikuwa na mtani mmoja tu, naye alikuwa ng'ambo ya pili. Basi walimleta Katarina mpaka ukingoni, wakamweka chini kivulini, wakageuka kumtazama Kondo.

Kondo alivua koti. Aliokota kijiti, akakishika kama mwiko, akakaa kwenye jiwe, akasonga ugali usiokuwapo. Aliwapigia kelele majirani wasiokuwapo kwamba mboga yao inanuka. Kisha alinyoosha mkono kwa sindano, akafungua mdomo kutukana, akasinzia katikati ya tusi, kichwa kikamshuka kifuani vile vile kama kilivyomshuka Katarina mwenyewe. Ng'ambo walicheka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana, kisha wakalia, na hapo Katarina akaweza kuzikwa. Mto ulikuwa umepunguza sauti ili Kondo asikike. Kina haukupunguza.

Kondo alibaki na kijiti mkononi. Alilia, naye kulia hakuwa amezoea, kwa hiyo alilia vibaya. Kufikia Aprili, ng'ambo walikuwa wamezikwa watu tisa.

Dresa wa pwani hakufika mvua zilipoisha, barua yake ilikuwa bado inatafutiwa saini. Juni, mto ukiwa mchanga na Kondo akivuka tena kwa wagonjwa wake, Mwanajuma alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Mwanamkuu. Alikuwa na mashavu ya Bundala na, kwa mujibu wa Yahaya, mdomo wa baba yake. Kondo alimbeba mtaa mzima wa Mtendeni akiwaonyesha watu wasiomjua.

Desemba mvua zilirudi. Mwanamkuu alikuwa na miezi sita, na Mwanajuma alisema mtoto lazima akaonyeshwe kwa bibi yake. Kondo alisimama majanini, kichwa chini, kofia mkononi. Mwanajuma alipiga magoti ukingoni.

"Mwangaluka, mayo," aliuamkia mto kwa Kinyamwezi, kama mtoto amwamkiavyo mama yake. "Nimekuletea mjukuu."

Alimvua mtoto nguo, akamshika kwapani na kumning'iniza juu ya maji. Mwanamkuu aliutazama mto, akaupiga teke, akaukojolea.

Mto ulicheka. Ulicheka kama ambao haukuwa umecheka kwa mwaka mzima, na kweli haukuwa. Povu liliruka mpaka majanini, Kondo akalowa mgongo, na maji yakashuka mpaka usawa wa ekseli. Bibi na mjukuu ni watani, hilo kila mtu analijua, na ng'ambo Bundala alijipiga kofi la paja kwa kutolifikiri mapema.

Kondo alimfunga mtoto kwa kanga juu ya tangi la mafuta, kisanduku nyuma, Mwanajuma juu ya kisanduku. Aliingia kwa gia ya kwanza. Mama mkwe hatazamwi usoni, kwa hiyo aliyakaza macho ng'ambo, ambako ndiko Yahaya alimwambia siku zote atazame. Katikati mto ulimpokonya Mwanamkuu kiatu kimoja cha uzi. Mtoto alipiga kelele za furaha, maneno yasiyokuwa maneno, na kwa ukali wake yalikuwa matusi.

Alhamisi iliyofuata kiatu kilikuwa juu ya kisiki, kimefumwa pale kilipokuwa kimefumuka.

Wenceslaus aliandika kwamba kivuko kimepitika, na akaeleza jinsi kilivyopitika, akaomba tena daraja, kwa kuwa mtoto ni mmoja na watu ni elfu. Jibu lilikuja upesi safari hii. Bwana wa barabara alifurahi kusikia kasoro imerekebishwa. Ombi la dresa wa pwani lilifutwa, na jalada la daraja likafungwa. Mtoto aliingizwa kwenye orodha ya vifaa vya pikipiki, chini ya pampu na juu ya spana, na dresa alitakiwa kumtunza katika hali nzuri.

Yahaya alimtengenezea kiti cha ngozi juu ya tangi, akakipaka nta iliyobaki. Aliwaambia wateja wake kwamba katika vifaa vyote vya serikali alivyopata kushughulikia, hicho pekee kilimcheka.

Basi wakaenda, Alhamisi baada ya Alhamisi, baba na binti, na mto ukawafungukia. Watu wenye mizigo kichwani waliwatazama wakivuka, waliwapungia mkono mtoto na baba yake, kisha maji yakajifunga na wao wakakaa tena chini kungoja.

Kule makazini Kondo alifungua kisanduku, akakunjua orodha na kuita majina kwa kufuata namba. Jina la kwanza hakuna aliyelifuta, naye hakulifuta.

"Katarina," aliita kila wiki, Mwanamkuu akiwa amemkalia mapajani. Alingoja muda unaomtosha mtu kumaliza tusi alilolianza. Halafu akaita la pili.